Mwili Unapoachana na Tumbaku
Mhadhara kwa watu wa Ajia, West Nile, Uganda

Sikuja kuwahubiria ubaya wa sigara, kwa kuwa jambo hilo lilikwisha kuwekwa bayana tangu mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha kule Uingereza uchunguzi wao juu ya uvutaji na saratani ya mapafu, na tangu hapo ushahidi haukuacha kuongezeka. Wala sijapata kuzungumza na mvutaji wa nchi hii, awe wa sigara ya dukani, awe wa kiko, awe wa tumbaku ya kusokota kwa karatasi, asiyejua kwamba moshi ule unamdhuru. Nimekuja kwa ajili ya mtu mwingine, ambaye mahubiri humsahau mara tu yanapofanikiwa, naye ni yule aliyekwisha kuacha. Huyu, siku ya tatu au juma la pili baada ya kuitupa sigara yake ya mwisho, akiwa ametaraji kuona siha yake inarejea, huanza kusikia mwilini mambo asiyopata kuyasikia: vidole vinakufa ganzi na kuchomachoma, kichwa kinazunguka, kifua kinabana, moyo unadunda usiku wa manane, kinywa kinatoka vidonda, choo kinafunga, na usingizi ukija unakuja na ndoto zisizoeleweka.

Aghalabu mtu huyo huirudia sigara, si kwa kuipenda, bali kwa hofu, na akiisha kuirudia, hutoa mbele ya wenziwe ushahidi ambao nimeusikia sokoni Arua, nimeusikia mpakani Vurra, na sina shaka hata hapa umepata kusikika: "Nilipoacha niliugua, niliporudia nikapona." Ushahidi huu ni wa kweli kwa jinsi mtu alivyojisikia, na ni batili kabisa kwa hukumu anayoitoa, na mazungumzo yangu yote ya leo hayana shabaha nyingine ila kuyatenga mambo haya mawili, maana naamini kwamba maneno hayo machache yamewarudisha katika moshi watu wengi kuliko tangazo lolote la biashara.

Ni wajibu nikumbushe kwanza, kwa heshima, kwamba tunazungumza katika nchi ya tumbaku. Kampuni ya British American Tobacco ilikuwa na kiwanda chake Jinja tangu mwaka 1928, na katika miongo iliyofuata kilimo cha jani hili kikaenea West Nile hata likawa zao kubwa la kuleta fedha. Mabanda ya kukaushia yakajengwa, misitu ikakatwa kwa ajili ya kuni zake, na fedha iliyotoka humo ndiyo iliyolipa karo, ndiyo iliyoezeka mabati, ndiyo iliyowaoza wengi wetu. Mtoto aliyelelewa ubavuni mwa banda la tumbaku hakuutafuta moshi, aliukuta. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 ya kudhibiti tumbaku, iliyoanza kutumika Mei 2016, imekataza kumuuzia mtu asiyetimiza miaka 21 na imekataza kuvuta ndani ya mita 50 za mahali pa umma, nayo ni sheria njema ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Lakini sheria haiketi na mtu saa nane ya usiku moyo wake unapomwenda mbio.

Basi ni nini hasa kinachompata? Katika tumbaku mna nikotini, ambayo mtu akivuta moshi huwasili katika ubongo kabla hazijapita sekunde 20. Mwaka 1905 mtaalamu wa Cambridge, John Langley, akichunguza jinsi nikotini inavyofanya kazi juu ya misuli, alifikia rai kwamba katika mwili mna kitu maalumu kinachoipokea, na elimu iliyofuata imeithibitisha rai hiyo: ubongo una vipokezi vilivyowekwa tangu asili kwa ajili ya kemikali ya mwili wenyewe, nikotini ikaja ikavikalia. Mwili haukubali kutawaliwa hivi hivi. Huiongeza idadi ya vipokezi hivyo, na kazi zake nyingi, yaani mapigo ya moyo, mwendo wa matumbo, njaa, upana wa mishipa midogo ya damu, hata wepesi wa hasira, huzirekebisha zipatane na ugeni ule, mpaka ugeni ukawa ndio desturi. Mtu akiacha, nusu ya nikotini iliyomo katika damu huondoka kwa muda wa kama saa mbili, na nusu ya iliyobaki kwa saa mbili nyingine, hata ikipita siku moja au mbili haikubaki ya kutajika. Lakini vipokezi vilivyozidi havirejei idadi yake ya asili ila kwa majuma, yapata sita mpaka kumi na mawili. Katika kipindi hicho, nikotini ikiwa imekwisha kuondoka upesi na mwili ukiwa haujapata wasaa wa kujirekebisha, ndimo huzaliwa sehemu kubwa ya hisia tunazozizungumzia. Nyinyi mliopata kukesha kwenye banda la kukaushia mnajua kwamba moto ukiisha kulishwa siku kadhaa usiku na mchana, na siku ukazimwa, banda likianza kupoa miti hulia na udongo hupasuka, mgeni aliyelala jirani akadhani jumba linaanguka, ilhali mwenye banda hageuzi hata ubavu, kwa kuwa anaijua sauti ya kupoa.

Dalili hizi huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hupanda kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka, na kwa walio wengi sehemu yake kubwa humalizika baina ya majuma mawili na manne. Ndugu zetu Waislamu wa Arua, wa Koboko na wa Yumbe wanazo habari zake kila mwaka, maana mvutaji afungaye Ramadhani anayajua maumivu ya kichwa ya alasiri katika siku za mwanzo, anaujua ukali wa ulimi wake mwenyewe, na anakijua kizunguzungu kinachompata anapofuturu kwa sigara kabla ya tende. Hasemi kwamba saumu imemletea maradhi. Anajua jambo lilipotoka na anajua litakwisha, kwa hiyo husubiri. Ni mtu huyo huyo ambaye akiazimia kuacha moja kwa moja katika mwezi unaofuata wa Shawwal, hisia zile zile zikimjia pasipo jua la kutua wala adhana ya kumpa ruhusa, huzikimbia. Na hapo ndipo ulipo ubatili wa ule ushahidi nilioanza nao, kwani sigara inayosemekana kumponya ndiyo iliyompa ugonjwa: kila moja hutuliza upungufu ulioachwa na iliyoitangulia, na huacha upungufu mpya utakaotulizwa na ijayo.

Nianze na ganzi na kuchomachoma kwa vidole, maana hizo huwatia watu hofu ya kupooza. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu ya ngozi, na ikiondoka mishipa ile hutanuka, damu ikafika mikononi na miguuni kwa wingi, ikaleta joto na mwasho mwepesi ambao ni ishara ya heri. Lakini iko sababu ya pili ambayo nataka tuizingatie zaidi, kwa kuwa wachache wanaijua: mtu mwenye wahaka hupumua upesi na kwa kina pasipo kujijua, akaitoa hewa ya kaboni dioksidi kupita kiasi, na damu ikipungukiwa na hewa hiyo, midomo hufa ganzi, vidole huchomachoma, kichwa huwa chepesi na kifua hubana, hata akadhani anakosa pumzi, akazidi kupumua, na hali ikazidi. Dawa yake haiuzwi dukani. Aketi, afumbe mdomo, avute pumzi taratibu kwa pua, kisha aitoe polepole kwa muda mrefu kuliko ule alioutumia kuivuta, na aendelee hivyo kwa dakika kadhaa, na katika hali nyingi ataona vidole vinarudi vyenyewe.

Kizunguzungu nacho kina sababu zake. Moshi wa tumbaku una kaboni monoksidi, hewa ambayo hukalia katika damu mahali pa oksijeni, nayo huondoka kwa siku moja au mbili, ilhali mapigo ya moyo nayo hupungua. Mabadiliko haya yote yakija kwa pamoja, si ajabu mtu akainuka kitandani ghafla akayumba. Anywe maji, asiache kula kwa wakati, asimame kwa utaratibu, na kama kazi yake ni kuendesha bodaboda, basi siku ambazo kichwa kinamzunguka asimpakie mtu.

Vidonda vya kinywa vinavyotokea katika majuma ya mwanzo huwashangaza watu, kwa kuwa mtu hudhani kinywa kisichopitiwa na moshi kingekuwa safi zaidi kuliko kilichopitiwa. Hata hivyo hutokea kwa wengi, huondoka vyenyewe, na kusukutua kwa maji ya chumvi hupunguza uchungu wake. Choo hufunga kwa sababu nikotini ilikuwa ikiyasukuma matumbo, na sasa yanajifunza upya kwenda bila kusukumwa. Mchicha, ambao hapa tunauita dodo, papai, uji wa wimbi na maji ya kutosha huyasaidia. Njaa huongezeka na uzito pia, pengine kilo nne au tano katika mwaka, jambo ambalo katika nchi yetu sioni kwamba lapasa kumtisha mtu ambaye miaka yote alikuwa akila moshi badala ya chakula cha mchana.

Kikohozi kinahitaji maneno zaidi. Njia za pumzi zina vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, ambavyo kazi yake ni kufagia kohozi na vumbi kwenda juu. Moshi huvilemaza, na mvutaji anapoacha vikapata uhai, huanza kuitoa taka ya miaka. Ndiyo maana mtu aliyekuwa hakohoi sana alipokuwa akivuta, hukohoa zaidi baada ya kuacha, akasema kwamba sigara ilikuwa ikimlinda kifua. Haikuwa ikimlinda, ilikuwa imewanyamazisha wafagiaji. Lakini hapa naomba masikio yenu yote, kwa sababu katika West Nile hatuwezi kulizungumzia jambo la kikohozi bila ya kutaja kifua kikuu, ambacho wavutaji hupatwa nacho zaidi kuliko wasiovuta. Kikohozi kikifika majuma mawili, mtu aende akapimwe makohozi, hata kama ana yakini kwamba ni cha kuacha sigara. Na akiona damu, au akikonda, au akitokwa na jasho jingi usiku, asingoje hata hayo majuma mawili.

Vivyo hivyo katika homa. Kuumwa kichwa, uchovu, kizunguzungu na kukosa hamu ya kazi ni dalili za kuacha tumbaku, na pia ni dalili za malaria, na malaria tunayo mwaka mzima. Lakini kuacha tumbaku hakuleti homa. Mwili ukichemka, apimwe damu siku hiyo hiyo. Kumeza dawa za malaria kwa kubahatisha kila kichwa kinapouma ni hasara, na kuipuuza homa halisi kwa kusema "ni sigara tu inanitoka" kwaweza kumwua mtu. Na maumivu ya kifua yanayobana kwa nguvu, yakaenea mkononi au tayani pamoja na jasho baridi, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, hayo hayana uhusiano na mazungumzo ya subira. Mtu na apelekwe hospitali mara moja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalosahauliwa kuliko yote, nalo ni kahawa na chai. Moshi wa tumbaku, kwa vitu vingine vilivyomo humo mbali na nikotini, hulichochea ini liivunje kafeini upesi sana. Mvutaji kwa hiyo huzoea kunywa kahawa nyingi pasipo kuona athari yake. Akiacha, ini hurejea mwendo wake wa asili katika muda wa siku chache, na vikombe vile vile vya kahawa ya milima ya Paidha, au birika lile lile la chai nzito, huacha katika damu yake kafeini yapata maradufu ya alivyozoea. Mikono hutetemeka, moyo hudunda, usingizi hutoroka, wasiwasi hupanda. Naye, asijue, hulaumu kukosekana kwa sigara, na ili kujituliza hunywa kikombe kingine. Namnasihi kila anayeacha apunguze kahawa na chai kwa nusu kuanzia juma la kwanza, na baada ya alasiri asinywe kabisa, na wengi watastaajabu kuona kwamba nusu ya mateso waliyoyaita arosto, yaani taabu ya kukosa sigara, ilikuwa ndani ya kikombe. Ini hilo hilo huvunja dawa kadhaa kwa njia hiyo hiyo, zikiwamo aminofilini na theofilini wanazopewa wenye pumu, na baadhi ya dawa za maradhi ya akili. Mtu anayetumia dawa hizo hana budi kumwambia tabibu wake kwamba ameacha, ili kipimo kiangaliwe upya, na mwenye kisukari anayejidunga insulini naye amwambie vivyo hivyo.

Yuko atakayeuliza, kama babu zetu walivyouliza, ni nani aliyeyaleta haya. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi miongoni mwa Walugbara wa hapa kwetu baina ya mwaka 1949 na 1952 na kukichapisha kitabu chake kiitwacho *Lugbara Religion* mwaka 1960, ameeleza jinsi wazee walivyoyasoma maradhi kuwa ni ujumbe wa waliofariki kwa walio hai, juu ya nani katika ukoo amekosa nini kwa nani. Siidharau desturi hiyo, kwa maana iliwafanya jamaa wakusanyike, wasikilizane, wapatane, na mgonjwa hakuachwa peke yake. Ningependa tuuhifadhi mkusanyiko huo na tulibadilishe swali. Anayeacha tumbaku awaambie mke au mume, watoto na ndugu zake tarehe aliyoacha, awaambie kwamba kwa majuma machache atakuwa na hasira isiyo na sababu na pengine majonzi, ili wasimchukulie vibaya wala asijichukulie vibaya mwenyewe. Na majonzi yakizidi, akaona maisha hayana ladha, jamaa wampeleke kituo cha afya kama wangempeleka kwa ugonjwa wowote.

Tena aandike. Si mbali na hapa, katika hospitali ya Kuluva, Dakta Ted Williams alikuwa akiandika kwa uangalifu mkubwa tarehe na kijiji cha kila mtoto aliyeletwa na uvimbe wa taya uitwao wa Burkitt, na kutokana na maandishi yale yeye na wenziwe waliweza mwaka 1967 kuuonyesha ulimwengu kwamba maradhi hayo katika West Nile yalitokea kwa mafungu, mahali pamoja na wakati mmoja. Kama daftari liliweza kufichua mwenendo wa saratani hiyo, laweza kufichua mwenendo wa kizunguzungu cha mtu mmoja. Aandike siku, saa, alichokisikia, alichokula na alichokunywa kabla yake, na hali ilidumu muda gani. Ataona kwamba ile tamaa kali ya kuvuta, inayokuja kana kwamba haitaondoka mpaka itimizwe, hudumu dakika chache tu. Ataona kwamba dalili za juma la tatu ni chache kuliko za juma la kwanza. Na ile isiyopungua, au inayozidi, ndiyo atakayoipeleka kwa tabibu akiwa na tarehe mkononi.

Wapo wanaopata msaada wa plasta au ubani wa nikotini, vitu ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na anayeweza kuvipata avitumie bila haya. Vijijini kwetu ni nadra. Badala yake vijana hukimbilia mairungi, yaani miraa, na wazee huongeza pombe ya kwete na waragi, na hilo nalipinga kwa nguvu, maana hakuna mahali ambapo azimio la kuacha huvunjika kwa wepesi kuliko penye pombe.

Na ndoto je? Mtu huota anavuta, akauonja moshi kwa ulimi wake, akaamka amejaa majuto kana kwamba amevunja ahadi. Hakuvunja. Ndoto hizo huwapata wengi mno, huja hata miezi baada ya dalili nyingine kuisha, na katika hizo kule kujuta baada ya kuamka ni dalili njema kwa azimio lake.

Limebaki jambo la shamba. Wakulima wa tumbaku wanaujua ugonjwa wa jani bichi: mtu akivuna majani yaliyolowa umande au mvua, nikotini hupenya ngozi yake, akapata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na udhaifu, naye pengine hajapata kuvuta maishani mwake. Fikirini basi hali ya mkulima anayeacha sigara katikati ya msimu wa mavuno. Asubuhi shamba humpa nikotini kupitia mikononi, jioni humnyima, na dalili zake hazifuati kalenda niliyoieleza, bali hupanda na kushuka kwa kufuata umande, hata akaamini kwamba mwili wake pekee, katika miili yote ya Ajia, ndio usioweza kuachana na tumbaku. Mtu huyu anastahili kusaidiwa kwa kazi, si kwa maneno tu. Asubiri majani yakauke ndipo aingie shambani, avae mikono mirefu na kujifunga kitu kisichopitisha maji, abadili nguo iliyolowa, anawe kwa sabuni kabla ya kula. Na kama ana kaka au shemeji, basi huyo amvunie majuma manne ya mwanzo, naye amlipe kwa kumpalilia mihogo.